George Klein, mzee wa gia: alivyowapa miguu waliopooza (na sisi tulivyounguza kiti cha mtu)

Leo naweka pembeni siasa na mpira. Nawaletea habari za mzee mmoja wa Kanada aliyefariki mwaka 1992, jina lake George Klein. Kwao ni mtu mkubwa, wanamhesabu katika wavumbuzi wao wakubwa kabisa wa karne ya 20. Huku kwetu najua wengi wenu mliokaa hapo kwenye kompyuta ya kulipia nusu saa hamjawahi kumsikia. Hata mie nilikuwa simjui. Nimemjua kwa sababu ya kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Nianze na hilo kosa ili mjue natoka wapi.

Mtaani kwetu Mji Mkongwe kuna kaka yetu mmoja anatumia kiti cha magurudumu cha umeme. Jina simtaji, mwenyewe hataki. Kiti alikipata mkono wa pili kutoka nje, cha zamani lakini kizima. Kwa kiti hicho alikuwa anatoka peke yake, anapita vichochoro, anafika Darajani ananunua vitu vyake, jioni anakwenda Forodhani kupunga upepo, na anarudi saa anayotaka yeye. Ukimuona utadhani jambo dogo. Kumbe kwa mtu ambaye tangu utotoni alikuwa anabebwa mgongoni, hilo ndilo jambo lenyewe khasa.

Mwaka 2022 akatuuliza sisi vijana tunaojifanya mafundi kama tunaweza kukiongezea spidi. Alikuwa ameona video za Wazungu wanaofungua viti vya umeme na kuvifanya vikimbie kama pikipiki. Sie tukasema hiyo kazi ndogo. Kiti kina betri 2 za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano, jumla volti 24. Tukaongeza ya tatu, ikawa 36. Jioni ya kwanza kilikimbia kweli kweli, watoto wakawa wanakifukuza wanapiga kelele. Siku ya pili, kwenye mpando mmoja tu, ikaja harufu ya kuungua, halafu moshi, halafu kimya. Bodi ya umeme inayoongoza mota imekwenda na maji.

Kaka yetu akakaa wiki 6 bila ya kiti. Akitaka kwenda msikitini aombe mtu. Akitaka kukaa barazani aombe mtu. Hakutulaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ndipo nikaanza kusoma: hivi kiti hiki nani alikitengeneza, na kwa nini alikitengeneza kiende polepole? Nikamkuta mzee Klein.

MTOTO WA DUKA LA SAA

George Klein alizaliwa tarehe 15 Agosti 1904 katika mji wa Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada. Hamilton ni mji wa viwanda vya chuma, uko kando ya ziwa Ontario. Kwa kulinganisha tu na kwetu, alikuwa mtoto mchanga mwaka 1905 wakati treni ya Bububu inaanza kukata mitaa ya mjini hapa Unguja.

Baba yake alikuwa na duka la vito na saa. Basi mtoto amekulia kwenye meza ya fundi saa. Wadau, kama umewahi kusimama pale kwa fundi saa, ukamuona na kioo chake jichoni anafungua saa ya mkono ya zamani, unajua ndani mna nini: magurudumu madogo yenye meno, moja linalisukuma jengine. Hizo ndizo gia. Mkono wa dakika ukizunguka mara 12, mkono wa saa umezunguka mara 1 tu. Vyote vinasukumwa na springi ile ile. Hakuna uchawi, ni hesabu ya meno tu.

Mkumbuke huyu mtoto wa duka la saa, kwa sababu hadithi yote inarudi hapo.

Alisoma uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Toronto, akamaliza 1928. Mwaka 1929 akaajiriwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, mjini Ottawa, na hapo hapo akakaa miaka 40 mpaka anastaafu 1969. Kazi za mwanzo zilikuwa za ndege. Alishiriki kubuni handaki la upepo la kupimia ndege, na alichunguza namna bora ya kutengeneza zile mbao za kuteleza wanazofungwa ndege badala ya magurudumu ili zitue kwenye theluji. Nchi yao ile nusu mwaka ni barafu, kwa hiyo si mchezo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, akatiwa kwenye kazi za jeshi. Mwisho wa vita alikuwa katika timu iliyotengeneza ZEEP, kinu kidogo cha nyuklia kilichowashwa Septemba 1945, cha kwanza duniani nje ya Marekani. Sasa angalieni: mtu kafanya kazi ya nyuklia, angeweza kusema mie ni mtu wa mambo makubwa tu. Lakini kazi iliyomkalisha kwenye historia ilikuwa kiti.

ASKARI WALIOKATAA KUFA

Tarehe 19 Agosti 1942 majeshi yaliyoongozwa kwa idadi na Wakanada yalishuka pwani ya Dieppe, Ufaransa, kupambana na Wajerumani. Walikwenda Wakanada karibu 5,000. Zaidi ya 900 walikufa, na wengi zaidi walitekwa au kujeruhiwa. Mmoja wa waliojeruhiwa alikuwa afisa anaitwa John Counsell, naye mtu wa Hamilton, mji mmoja na Klein. Alipigwa risasi, akapooza miguu.

Zamani mtu akivunjika uti wa mgongo vitani, habari yake ilikuwa imekwisha. Vidonda vya kulala, maambukizi ya mkojo, miezi michache anazikwa. Lakini vita hivi vilikuja na dawa za salfa na penisilini. Kwa mara ya kwanza, maelfu ya watu waliopooza wakawa hawafi. Wamebaki hai, vijana wa miaka 20 na ushei, wana maisha marefu mbele yao, na ulimwengu haukuwa na mpango wowote wa kuishi nao zaidi ya kitanda.

Counsell alikataa kitanda. Alipata kiti cha kukunja kilichotengenezwa na Everest & Jennings wa Marekani. Hawa jamaa wawili nao wana kisa chao: Herbert Everest alipooza baada ya ajali ya mgodini, akashirikiana na rafiki yake mhandisi Harry Jennings wakatengeneza kiti chepesi cha chuma kinachokunjika na kuingia kwenye gari, miaka ya 1930. Counsell alipokiona, akaisukuma serikali ya Kanada iwanunulie askari wote waliopooza. Mwaka 1945 yeye na wenzake wakaanzisha Chama cha Waliopooza cha Kanada. Angalieni hapo wadau: chama cha walemavu kilichoanzishwa na walemavu wenyewe, wanadai wenyewe. Hapa kwetu Zanzibar nako Umoja wa Watu Wenye Ulemavu ulianza mwaka 1985 kwa njia kama hiyo hiyo.

Lakini kiti cha kusukuma kwa mikono kinataka mikono. Na wapo waliovunjika juu zaidi, shingoni, wamepooza mikono na miguu. Hao bado walikuwa wanategemea mtu wa kuwasukuma kila hatua. Ndipo ombi likafika kwenye Baraza la Utafiti, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 likawekwa juu ya meza ya Klein.

KITI CHENYEWE

Hapa niseme ukweli maana kuna kurasa nyingi zinapotosha. Klein si mtu wa kwanza duniani kutia mota kwenye kiti. Majaribio yalikuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Tatizo ni kwamba yalikuwa ya kuungaunga. Unachukua kiti cha kusukuma, unafunga mota na betri ya gari ya volti 12, basi. Kinakwenda mbele, lakini kugeuka shida, nguvu hakina, na mtu asiye na vidole hawezi kukiongoza. Klein alitengeneza cha kwanza kinachofaa kweli kwa mtu asiyeweza kutumia mikono sawasawa.

Alibadilisha mambo matatu makubwa.

La kwanza, alipandisha umeme kutoka volti 12 kwenda 24. Si kwa ajili ya kukimbia! Sikilizeni hesabu. Mota ikihitaji wati 300, kwa volti 12 waya inabeba ampea 25. Kwa volti 24, wati zile zile 300, waya inabeba ampea 12.5 tu. Na joto linalopotea kwenye waya linakwenda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo ukipunguza ampea nusu, joto linapungua mpaka robo. Umeme mwingi unakwenda kwenye gurudumu badala ya kuunguza waya, betri inadumu, kiti kinapanda. Mpaka leo karibu viti vyote vya umeme ni volti 24.

La pili, aliweka mota mbili, kila gurudumu kubwa na mota yake. Mota zote mbili zikienda mbele, kiti kinakwenda mbele. Ya kulia ikienda na ya kushoto ikisimama, kiti kinageukia kushoto. Moja mbele moja nyuma, kiti kinazunguka pale pale kiliposimama, kama kifaru cha vita. Sasa wewe unayeijua Mji Mkongwe, fikiria vichochoro vya Kiponda au Mkunazini, ukikutana na mtu ana mkokoteni, au vespa imeegeshwa. Kiti kinachogeuka kama gari hakifai. Kinachozunguka papo hapo kinafaa. Mzee hakuwahi kuijua Kiponda, lakini kakitengeneza kama vile anaijua.

La tatu, kijiti cha kuongozea, kile mafundi wanachokiita joistiki. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, kwa msukumo mdogo sana. Na Klein hakukaa ofisini Ottawa akabuni peke yake. Alifanya kazi na madaktari na askari wenyewe, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kiungo chake kilichobaki: huyu ana kidole, yule ana kiganja, mwengine hana hata hicho. Kiti kikafanywa kimfuate mtu, sio mtu kukifuata kiti.

Hapo ndipo mie niliposimama kusoma nikajiona mjinga. Sisi tulipofungua kiti cha kaka yetu, hatukumuuliza hata swali moja. Anapita njia gani? Mpando wake uko wapi? Mkono wake unatetemeka kiasi gani? Tulichokifikiria ni spidi tu.

GIA NI BIASHARA YA KUBADILISHANA

Sasa tuingie kwenye gia, maana najua mafundi mnasubiri hapo.

Mota ndogo ya umeme hupenda kuzunguka kasi, maelfu ya mizunguko kwa dakika, lakini nguvu yake ya kuzungusha ni ndogo, hata kwa mkono unaweza kuizuia. Ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu haitamsogeza mtu. Ukiweka gia katikati ya kupunguza mizunguko mara 20, gurudumu linazunguka polepole mara 20, lakini nguvu ya kuzungusha inaongezeka karibu mara 20 (kuna kidogo inapotea kwenye msuguano). Gia haikupi kitu cha bure. Inakubadilishia tu: toa mwendo, chukua nguvu. Au toa nguvu, chukua mwendo. Aliyewahi kupanda na baiskeli ya gia kuelekea Masingini anajua. Huku chini unatumia gia ya kukimbilia, mlimani unashuka kwenye gia nyepesi, miguu inazunguka sana baiskeli inakwenda taratibu, lakini inapanda.

Tupige hesabu ya kiti. Mtu na kiti chake jumla kilo 120. Mpando wa kawaida wa walemavu, ule unaopendekezwa, ni wa kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu. Kukisukuma kiti hicho juu ya mpando huo unahitaji nguvu sawa na kunyanyua ndoo ya maji ya lita 10, na hapo hatujahesabu msuguano wa matairi. Ukipanda kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, unahitaji wati 160 na kitu. Ukitaka kupanda kwa kilomita 12 kwa saa, wati 320 na zaidi. Mpando ni ule ule, mtu ni yule yule, lakini mwendo mara mbili umekula nguvu mara mbili. Na mipando yetu ya mjini mingi haifuati kipimo hicho, mengine ni mbao tu zimeegeshwa kwenye kizingiti, mwinuko mara mbili au tatu ya huo.

Na sisi tulifanya nini? Tulipandisha volti kutoka 24 kwenda 36, yaani mara moja na nusu. Mwendo ukapanda mara moja na nusu, sawa. Lakini kiti kilipogoma kwenye mpando, ampea nazo zikapanda mara moja na nusu, na joto likapanda zaidi ya mara mbili. Bodi ilikuwa ya volti 24. Ndiyo moshi ule. Na bado tulibahatika. Kiti kinachokwenda mara moja na nusu kinahitaji nguvu zaidi ya mara mbili kukisimamisha. Breki zilikuwa zile zile. Angetokea mtoto mbele yake pale Forodhani jioni ile ya kwanza, leo ningekuwa naandika habari nyengine kabisa.

AKAKITOA BURE

Klein na Baraza lake walipomaliza, lengo halikuwa utajiri. Walitaka kiti kitengenezwe kwa wingi kiwafikie watu. Viwanda vya Kanada wakati ule havikuwa na uwezo huo, basi wakatafuta watengenezaji wa Marekani. Mwaka 1955 Kanada iliwakabidhi Wamarekani kiti cha mfano kwa ajili ya askari wao waliopooza, kama zawadi. Mwaka 1956 Everest & Jennings, wale wale wa kiti cha kukunja, wakawa wanauza viti vya umeme, na dunia ikaanza kubadilika.

Kile kiti cha zawadi kikaja kuwekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Marekani, na mwaka 2005 kikarudishwa Kanada, nusu karne baada ya kuondoka. Mwenyewe Klein alishafariki, hakukiona kikirudi.

Mengine aliyoyafanya ni mengi, nayapitia mbio. Alitengeneza kifaa cha kushona mishipa midogo ya damu kwa pini, kazi aliyoifanya pamoja na daktari wa upasuaji. Alibuni antena inayokunjwa kama utepe wa kupimia wa fundi seremala, ikifunguka inakuwa mlingoti mrefu mgumu. Antena hiyo ilikwenda angani na Alouette 1, satelaiti ya kwanza ya Kanada, iliyorushwa Septemba 1962, na baadaye ikatumika kwenye vyombo vya Wamarekani pia.

MZEE WA MIAKA 72 ANAITWA TENA

Hapa ndipo hadithi inarudi kwenye duka la saa.

Mwaka 1976 Klein alikuwa amestaafu miaka 7. Kanada ilikuwa inatengeneza mkono wa chuma wa kufungwa kwenye chombo cha anga cha Wamarekani, ule unaoitwa Canadarm. Urefu wake mita 15. Kazi yake kushika satelaiti nzima na kuiweka mahali pake taratibu, bila kugonga kitu. Mtu wa kuwashauri mambo ya gia wakamtafuta mzee wa miaka 72. Wakamrudisha kazini.

Kwa nini gia? Kwa sababu mota za mkono ule zilikuwa ndogo, na mzigo mkubwa, maelfu ya kilo. Ndani ya kila kiungo, bega, kiwiko, kifundo, mota inazunguka mara mamia kwa mamia ili kiungo kizunguke mara 1. Polepole, lakini kwa uhakika, bila kutetemeka. Hapa duniani mkono ule haukuweza hata kunyanyua uzito wake wenyewe. Kule juu kusiko na uzito ukawa unabeba mizigo ya ukubwa wa basi. Ulirushwa mara ya kwanza Novemba 1981 na chombo cha Columbia, na ukatumika miaka 30.

Saa ya mkono, kiti cha magurudumu, mkono wa angani. Ukivifungua vyote vitatu utakuta somo moja: nguvu ndogo, ikipitishwa kwenye meno sahihi, inafanya kazi kubwa ikikubali kwenda polepole.

George Klein alifariki tarehe 4 Novemba 1992, akiwa na miaka 88.

TURUDI MTAANI KWETU

Mtauliza kiti cha kaka yetu kimeishia wapi. Bodi nyengine ilipatikana, ya mkono wa pili, imeletwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Dubai. Pesa tulichanga sisi tuliokiunguza, haki yake. Betri ya tatu tukaitoa. Safari hii kabla ya kushika spana nikamuomba nimfuate siku nzima kwa miguu, njia zake zote. Asubuhi hadi usiku.

Nikagundua kitu. Kumbe alipoomba spidi, alichokuwa anakitaka si kukimbia. Alikuwa anachoka kukwama. Kila akifika kwenye kizingiti au mbao ya mpando, kiti kinagoma, anasubiri mtu apite amsukume, na watu wanamzunguka kama kopo barabarani. Akadhani kiti kikiwa na spidi kitaruka hapo. Alihitaji nguvu, akaomba mwendo, na sie hatukujua tofauti.

Basi tukafanya kinyume. Giaboksi hatukuigusa, maana ile imefungwa pamoja na mota na huwezi kuichezea ovyo. Tulibadilisha matairi makubwa ya inchi 14 tukaweka ya inchi 12. Tairi dogo ni sawa na kushusha gia: mwendo ulipungua kama asilimia 14, nguvu ya kusukuma ikaongezeka kama asilimia 17. Kwa kuwa nyuma kulishuka inchi 1, tukashusha na magurudumu madogo ya mbele ili kiti kisiinamie nyuma, halafu tukaweka viguu viwili vidogo kwa nyuma vya kuzuia kisipinduke. Waya nene mpya, fyuzi mpya. Na seremala mmoja akachonga vipando vya mbao virefu kwa sehemu tatu alizokuwa anakwama. Vile vipando vimesaidia kuliko kazi yetu yote ya mota, nasema ukweli.

Kiti sasa kinakwenda polepole kuliko siku ya kwanza. Na mwenyewe anafika.

Kwa mafundi wenzangu, machache niliyojifunza kwa moshi:

Usipandishe volti bila kujua bodi na mota vinavumilia kiasi gani. Kipimo kimeandikwa, soma.

Usiruke fyuzi kwa kipande cha waya. Mtu aliyepooza miguu anaweza asisikie joto chini yake, akaungua bila kujua.

Usiguse breki. Kiti cha umeme kina breki inayojifunga ukiachia kijiti. Ile ndiyo uhai wake kwenye mteremko.

Tumia betri za kazi ya kutwa, sio ya gari. Ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, ukiikamua mpaka chini kila siku inakufa mapema. Na wanaokumbuka mwaka 2008, umeme ulipokatika Unguja nzima karibu mwezi mmoja, na tena kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu hivi, wanajua kwa nini nasema kila mwenye kiti cha umeme awe na mpango wa pili wa kuchaji. Waya mpya wa chini ya bahari ulikuja 2013, lakini umeme haujaacha kukatika.

Na la mwisho ndilo la mzee Klein mwenyewe: muulize anayekaa. Yeye ndiye anayeijua njia.

Naomba kuwasilisha wadau. Kama kuna fundi hapo ana bodi au mota ya kiti imelala tu ndani, au kuna mwenye kiti kilichokufa na hakuna wa kukitazama, andikeni hapo chini kwenye maoni mtaa gani mlipo. Kuna viti vingapi Unguja hii vimekaa stoo vinaota kutu kwa sababu ya fyuzi moja? Tukivitafuta tutavipata. Nusu saa yenu imekwisha, tuonane tena.